Tumeombwa wanawake 3 kwenye bodi ya ushauri ya utafiti wa VVU Temeke. Tudai nini kabla ya kukubali?

Katibu_Mbagala

Habari zenu wanajamvi. Naomba mwongozo wa wanaozifahamu tafiti za VVU, hasa mnaozijua hizi bodi za ushauri za jamii, CAB.

Sisi ni kikundi cha wanawake Mbagala, wengine wanaishi na VVU, wengine hapana. Kuna timu inakuja kufanya jaribio la sindano ya kinga ya VVU kwa wanawake wa miaka 18 hadi 30. Barua imepitia kwa mtendaji wa kata, wanataka "wawakilishi watatu wa akina mama" kwenye bodi ya watu 12. Wengine tisa wameshatajwa: wenyeviti wa mitaa, viongozi wa dini, mwalimu, mwenye duka la dawa, na mwakilishi wa bodaboda. Kikao ni wiki mbili zijazo, ajenda imeandikwa "kutambulishwa utafiti na kusaidia uandikishaji wa washiriki".

Tukubali hizo nafasi tatu au tudai nusu? Tumpeleke nani? Posho inatakiwa ikae vipi? Na fomu ya ridhaa, je, tuna haki ya kuisoma kabla haijatumika au hayo ni mambo ya madaktari? Hatutaki kwenda kukaa viti vya nyuma, tunywe soda, turudi.

Mratibu_Jamii

Dada Katibu, kabla ya hesabu ya viti irudie hiyo ajenda. Tatizo kubwa liko kwenye maneno "kusaidia uandikishaji". Kazi ya bodi ni kuushauri na kuuhoji utafiti kwa niaba ya jamii. Anayetafuta washiriki ni mwajiriwa wa mradi, ana mkataba na mshahara wake. Mjumbe akianza kupeleka wasichana kliniki, tena akilipwa kwa kichwa, hatapata tena mdomo wa kuuliza kwa nini wasichana hao hao wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Kwa hiyo jibuni barua kwa maandishi, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa Mganga Mkuu wa Manispaa. Ombeni ajenda ibadilishwe, halafu ombeni nyaraka tatu kwa Kiswahili siku saba kabla ya kikao: muhtasari wa itifaki (mpango mzima wa utafiti), fomu ya ridhaa, na hadidu za rejea za bodi, yaani maandishi ya kazi na mamlaka yake. Wakisema hadidu za rejea hazipo, nafuu kwenu, mtaziandika nyie.

Fomu mnayo haki ya kuisoma. Miongozo ya ushirikishwaji ya UNAIDS (shirika la UKIMWI la Umoja wa Mataifa) na AVAC (shirika la utetezi wa kinga ya VVU) kwa majaribio ya kinga ya VVU, toleo la pili la mwaka 2011, inataka jamii ihusishwe tangu utafiti unapopangwa, na suala la ridhaa limo. Azimio la Helsinki, la madaktari duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, lililorekebishwa Oktoba 2024, nalo linataka jamii ishirikishwe kabla, wakati na baada ya utafiti. Zitajeni zote mbili kwenye barua. Mtafiti mkuu akiziona atajua anaongea na watu gani.

Mkiipata fomu, anzeni chini ya ukurasa. Pana namba ya toleo na tarehe, na mara nyingi mhuri wa kamati ya maadili. Kama mhuri haupo bado, mna nafasi ya kubadilisha karibu chochote. Kama upo, kila sentensi mtakayotaka ibadilike inabidi irudi kamati kama marekebisho: kamati ya taasisi husika, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na kwa jaribio la dawa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) pia. Inawezekana, ila inachukua muda, na mtafiti anayekimbizana na bajeti atajaribu kuwashawishi mambo yaende hivyo hivyo.

Sasa viti. Utafiti ambao washiriki wake wote ni wanawake, halafu wanawake watatu kati ya 12? Daini nusu, lakini msiishie kwenye idadi. Wekeni kifungu cha akidi: kikao si halali kama wanawake hawajafika nusu ya waliohudhuria. Bila kifungu hicho mtapewa viti sita, kisha kikao kiitwe Jumanne saa 3 asubuhi wakati mama ntilie ana sufuria jikoni, na maamuzi yapite bila nyie. Mwenyekiti achaguliwe na wajumbe, asiwe mwajiriwa wa mradi. Nusu saa ya kwanza watumishi wa mradi watoke nje ili watu waseme. Muhtasari aandike mjumbe, mradi uchapishe tu. Na kila hoja ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14, imekubaliwa au imekataliwa kwa sababu hii na hii. Majibu hayo ndiyo yanaingia kwenye yatokanayo ya kikao kinachofuata, pale mnapofuatilia ya kikao kilichopita. Bodi nyingi hufia hapo kwenye yatokanayo, hoja ya nauli inaulizwa vikao vinne mfululizo na kila mara inajibiwa "tumeipokea".

Posho iwe kiasi kimoja kwa wote, mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa baa sawa. Nauli ihesabiwe kando kulingana na mtu anakotoka, na pawe na fedha ya mtu wa kushika mtoto. Ilipwe siku ile ile, kwa simu, bila kujali nani amepinga nini. Muulize pia iko kwenye fungu gani la bajeti. Ikiwa inatoka kwenye "dharura", ndiyo ya kwanza kukatwa.

Nesi_Itifaki

Naongezea kwenye fomu ya ridhaa tu, maana huko ndiko mambo ya wanawake hupotelea.

Kwanza hujasema kama ni sindano ya dawa au ya chanjo, na barua nyingi huandika "kinga" tu. Ulizeni, kwa sababu mshiriki wa chanjo ya VVU anaweza kutengeneza kingamwili zinazofanya kipimo cha haraka kisome chanya wakati hana virusi. Mfikirie huyo dada akipata mimba: anaenda kliniki ya wajawazito, anapimwa na mwenza wake pembeni, majibu yanatoka chanya. Ndoa inaweza kuvunjika palepale kwa kosa la kipimo. Fomu itaje kadi au barua atakayopewa, kituo atakachopimwa kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, na namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili. Huduma hiyo iendelee hata mradi ukishafungwa.

Kama ni dawa ya muda mrefu, ulizeni mambo ya mwilini bila aibu. Cabotegravir inachomwa kwenye msuli wa kalio, baada ya dozi za mwanzo ni kila wiki 8. Lenacapavir inachomwa chini ya ngozi, kwa kawaida tumboni, kila miezi 6, na mwanzoni kuna vidonge viwili siku ya kwanza na viwili siku ya pili. Kwenye jaribio la PURPOSE 1 zaidi ya nusu ya waliodungwa lenacapavir walipata kinundu mahali pa sindano. Hakina hatari kubwa, lakini mume akikigusa gizani atauliza. Mshiriki ahakikishiwe anaweza kuchagua upande wa tumbo au paja, aelezwe kinakaa muda gani, na apangiwe jibu la kumpa mtu asiyejua.

Dawa hizi hazitoki mwilini siku mtu anapoacha. Zinabaki kidogo kidogo kwa miezi mingi, kiasi kisichotosha kumkinga lakini kinachoweza kukizoesha kirusi dawa akiambukizwa kipindi hicho. Kwa hiyo swali la "nikihamia Mtwara katikati ya utafiti?" si la kupuuza. Jibu sahihi ni kinga ya vidonge ya kuchukua nafasi ya sindano, ya muda gani, na kituo gani kitampa. Ulizeni pia kuhusu kifua kikuu, kwa sababu rifampicin inapunguza nguvu ya dawa zote mbili, na Dar TB ni ugonjwa wa kila siku.

Damu. Msikubali fomu inayosema "kiasi kidogo". Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Fomu iandike ni vijiko vingapi kwa hudhurio, na jumla kwa mwaka. Halafu sampuli zinapelekwa wapi, zinahifadhiwa miaka mingapi, na kama mshiriki anaweza kukataa zisihifadhiwe lakini abaki kwenye utafiti. Sampuli kutoka nje ya nchi kunahitaji makubaliano maalumu yanayopita NIMR. Mkiyajua haya mnaweza kuzima habari za mumiani. Zikianza pale sokoni Rangi Tatu, kipeperushi cha mradi hakitazizima, ila mama anayeaminika aliyesoma ukurasa wa damu anaweza.

Mimba. Majaribio mengi yalikuwa yanamtoa dawa mwanamke akipata mimba. PURPOSE 1, iliyofanyika Afrika Kusini na Uganda, iliwaruhusu waendelee baada ya kueleweshwa na kuridhia upya. Kama itifaki yenu inawatoa, dai maelezo kwa maandishi: kwa nini, na atapewa kinga gani badala yake, maana ujauzito na kunyonyesha ni kipindi ambacho hatari ya kuambukizwa huongezeka.

Mwisho ni simu. Wengi wanashirikiana simu na mwenza au dada. Fomu ya mawasiliano iwe na swali "nani mwingine anashika simu hii?" na maneno ya ujumbe yachaguliwe na mshiriki mwenyewe. "Kitenge chako kiko tayari" linatosha. Gari lenye nembo lisifike mlangoni kwa mtu.

Mzee_wa_Mtaa

Nawasoma naona mnatafuta vita. Mnawatoa viongozi wa mtaa na wa dini mnajaza akina mama nusu, halafu likizuka jambo nani atasimama mbele ya watu? Tafiti zinafungwa kwa sababu ya hotuba moja ya Ijumaa au Jumapili. Na tuwe wakweli, masuala ya dozi na itifaki ni sayansi. Mwanakikundi wa Mbagala atamwambia nini profesa?

Dada_Takwimu

Mzee, kwenye hoja ya kwanza uko sahihi na nitairudia. Ya pili hapana, na ushahidi upo.

Chukua jaribio la VOICE: wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, vidonge na jeli ya kinga, matokeo 2013. Kwa maelezo yao na kwa kuhesabu vidonge vilivyorudishwa, ilionekana karibu asilimia 90 wanatumia. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana kwenye asilimia 25 hadi 30 tu ya sampuli. FEM-PrEP, iliyogusa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ilisimamishwa 2011 kwa kushindwa kuonyesha kinga, na baadaye ikaonekana tatizo ni hilo hilo. Maprofesa walikuwepo, fedha zilikuwepo. Wanawake walipohojiwa baadaye walisema mambo ambayo mwanakikundi yeyote wa Mbagala angeyasema bure kabla ya siku ya kwanza: vidonge ni vile vile vya wagonjwa, ukionekana navyo unaitwa mgonjwa; mwenza anauliza; kopo linalia kwenye mkoba. Hilo la kopo peke yake linaharibu takwimu. Wapo wanaohamishia vidonge kwenye kifuko ili visilie, na kama kopo lina kifuniko kinachorekodi kila linapofunguliwa, kifuniko kinaandika kwamba hakumeza. Wapo wanaomwaga vilivyobaki asubuhi ya kwenda kliniki, hesabu inatoka safi.

Halafu Kigali, Julai 2018. Mwezi Mei utafiti wa Botswana ulionyesha watoto 4 kati ya 426 wenye kasoro ya mfumo wa fahamu, mama zao walikuwa wakitumia dolutegravir, dawa ya kutibu VVU, kabla ya kushika mimba. Nchi kadhaa zikaanza kuwazuia wanawake wote wa umri wa kuzaa wasipewe dawa hiyo, wakabakizwa kwenye efavirenz, dawa ya zamani yenye ndoto mbaya na kizunguzungu. AfroCAB, mtandao wa Afrika wa watetezi wa tiba ya VVU, ikakutanisha wanawake 39 wanaoishi na VVU kutoka nchi 18. Tamko lao lilisema wapewe taarifa, wapewe uzazi wa mpango, waachiwe uamuzi. Takwimu za Botswana zilivyoongezeka hatari ikaonekana ndogo mno, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote wakiwemo wanawake. Leo kinamama wanaokunywa TLD (kidonge chenye dolutegravir ndani) kwenye CTC zetu, kliniki za tiba ya VVU, wanakunywa dawa ambayo wenzao waliipigania. Hawakuhitaji PhD kusema "tupeni namba, tutaamua".

Jambo hili si la Afrika peke yake. Marekani wanawake weusi ni takribani asilimia 13 ya wanawake wote lakini ni karibu nusu ya wanawake wanaogundulika na VVU kila mwaka. Dawa ya kinga ya Descovy ilijaribiwa kwa wanaume, pamoja na wanawake waliobadili jinsia (waliozaliwa wanaume), tu, ikaidhinishwa 2019 huku mwanamke anayeweza kuambukizwa kwa njia ya uke akiachwa nje. Jibu la kama inawafaa wanawake likaja kutafutwa miaka ya baadaye kwa wasichana wa Afrika Kusini na Uganda, ndani ya PURPOSE 1 hiyo hiyo. Na kabla ya hapo, hadi mwisho wa 1992, saratani ya shingo ya kizazi haikuwa kwenye orodha ya magonjwa ya kumtambua mtu kuwa na UKIMWI kule. Mwanamke alikufa bila kuhesabiwa, na bila hesabu hakupata mafao. Waliobadilisha hilo walikuwemo akina Katrina Haslip, mwanamke mweusi aliyeanza kuwapanga wenzake akiwa gerezani Bedford Hills, New York. Alifariki Desemba 1992. Orodha mpya ikaanza tarehe 1 Januari 1993. Huko Atlanta, Dázon Dixon Diallo alikuwa ameshaanzisha SisterLove tangu 1989, na shirika lake bado linabishana na watafiti kuhusu maswali haya haya mnayobishania Mbagala.

Sasa hoja yako ya kwanza, Mzee. Ni kweli viongozi wa dini na mtaa wakikataa, utafiti unakwama. Lakini kazi yao ni kuutambulisha na kuulinda, na hilo linafanyika kwenye mkutano wa wadau mara moja kila robo mwaka. Bodi ni chombo kingine. Mshauri wa fomu inayouliza msichana amelala na wanaume wangapi mwezi huu hawezi kuwa mwenye nyumba wake.

Mzee_wa_Mtaa

Hapo kwenye kutenganisha vikao viwili nakubali. Lakini mwenyekiti wa mtaa apewe nakala ya muhtasari, asisikie mambo mtaani.

Mratibu_Jamii

Muhtasari wenye maazimio sawa. Usiwe na majina ya waliosema nini.

Binti_Buguruni

Nani apelekwe: utafiti ni wa miaka 18 hadi 30, basi angalau wawili wawe wa umri huo. Kila bodi nayoiona imejaa akina mama wa miaka 50 wanaowasemea wasichana. Tafuteni mhudumu wa baa, msusi au dada wa saluni (saluni inasikia kila kitu kabla ya zahanati), mama anayenyonyesha, na mmoja anayeishi na VVU aliyezoea CTC. Huyo wa mwisho asilazimishwe kujitambulisha hali yake, na kwenye orodha ya mahudhurio asiandikwe "mwakilishi wa WAVIU" (watu wanaoishi na VVU) kama hajataka. Orodha hizo zinazungukia mezani kwa kila mtu.

Wajumbe wasaini kiapo cha usiri na wasipewe kamwe majina ya washiriki. Mjumbe akiwa mshiriki wa utafiti huo huo panakuwa na mgongano, achague moja.

Jingine linalochanganya watu: sheria ilibadilishwa 2019, msichana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Hiyo ni kupima. Kuingia kwenye utafiti chini ya miaka 18 kwa kawaida kunahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwake mwenyewe. Mtasikia watu wakisema "sheria inaruhusu 15", msiwaache.

Katibu_Mbagala

Asanteni sana. Tumetuma barua kama alivyosema Mratibu. Wamejibu kwa heshima: nafasi sita wamekubali, ajenda wamebadilisha, fomu wametuma. Ila fomu ina mhuri tayari, kibali kimetoka. Na ukurasa wa tano unasema mshiriki "atarejeshewa gharama stahiki", bila kiasi, na hakuna neno kuhusu mradi kusimama ghafla. Tumechelewa?

Nesi_Itifaki

Hamjachelewa, gawanyeni hoja zenu mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni yanayobadilika bila kugusa itifaki. Saa za kliniki (ombeni Jumamosi, au kuanzia saa 12 asubuhi kwa wafanyabiashara), mahali pa kusubiri pasipoonekana kutoka barabarani, gari bila nembo, mwanamke wa kumhudumia anayetaka mwanamke. Haya yaletwe kikao cha kwanza, mtafiti mkuu anaweza kuyaamua palepale.

Fungu la pili ni yanayohitaji marekebisho yapelekwe kamati. Kiasi cha fidia ya nauli na muda kimo humo, kwa sababu kamati huidhinisha malipo ili yasiwe madogo ya kuonea wala makubwa ya kushawishi. "Gharama stahiki" haitoshi, iandikwe shilingi kwa hudhurio. Ujumbe wowote wa simu wa kudumu unaotumwa kwa washiriki umo humo pia. Na kifungu cha mradi kusimama.

Hicho kifungu kikazieni. Novemba 2023 chanjo za PrEPVacc, jaribio la chanjo ya VVU, zilisimamishwa, na Dar na Mbeya zilikuwa kati ya vituo vyake, kwa sababu ilionekana hazitazuia maambukizi. Uamuzi huo ulitokana na data. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, tafiti zikasimama kwa sababu ya fedha tu, huku watu wakiwa bado na dawa mwilini. Kifungu kiseme: washiriki wataambiwa na mradi kabla ya kusikia redioni, hudhurio la mwisho la usalama na kinga ya vidonge vina fedha iliyotengwa mapema, bima ya madhara inaendelea kwa muda uliotajwa. Ombeni na nakala ya hati ya bima, muangalie tarehe ya mwisho. Mara nyingine inaisha kabla ya ziara ya mwisho ya mshiriki wa mwisho.

Mratibu_Jamii

Na kama watasema marekebisho yatachelewesha kuanza: kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja, kisha kinahuishwa. Yale madogo yanaweza kusubiri hapo, pelekeni maoni ya bodi kwa maandishi yaambatanishwe na ripoti ya mwaka. La bima na la mradi kusimama yasisubiri. Yaingie kabla ya mshiriki wa kwanza kusaini, na wakigoma, chini ya fomu ya ridhaa kuna simu ya kamati ya maadili. Imewekwa kwa ajili ya mtu yeyote mwenye swali, siyo mshiriki peke yake. Pigeni, halafu fuatisheni na barua yenye namba ya toleo na ukurasa mnaoulalamikia.